Siku Nilipomwita Chiriku

Mama Mdogo wangu alikuwa haongei, alikuwa anamwaga. Umpe kiti na kikombe cha chai, basi kazi zako za siku hiyo zimelala. Atakueleza habari za jirani, za kuku wa jirani, za jirani aliyehama, na katikati atakumbuka kioja cha kwenye msiba fulani wa zamani, aanze kucheka peke yake kabla hajakisimulia. Kiwandani walimpa jina la Chiriku, yule ndege asiyefunga mdomo, na jina likamganda mpaka uzeeni. Na huyo Chiriku mwenyewe alikuwa kiziwi. Mlango ukibamizwa nyuma yake, hata kope haipepesi.

Mimi ni msusi, mtoto wa dada yake. Mama yangu alipofariki, yeye na mumewe ndio walionilea pamoja na mtoto wao wa pekee, ambaye leo ni dereva wa lori. Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu, na katika habari hii zitanipanda mara kwa mara. Mnivumilie.

Lazima nianze na kiwanda. Lile jengo la matofali mekundu lenye bomba refu la moshi, ambalo siku hizi limegeuzwa nyumba za kupanga za watu wenye nafasi, zamani ndilo lililoulisha mji huu. Nguo zilizotoka mle zilikwenda mpaka ng'ambo. Wapangaji wa sasa wanayasifu madirisha, eti makubwa, yanaingiza mwanga mzuri kwa maua yao ya vyungu. Maua! Madirisha yale yaliwekwa ili mfumaji auone uzi ukikatika. Mama Mdogo aliingia mle akiwa msichana mwenye masikio yake mawili mazima, akatoka bibi asiyesikia kitu, na hakuna hata kibao kimoja ukutani kinacholitaja jambo hilo.

Chumba cha kufumia kilikuwa na mashine zilizobanana hivi kwamba mtu anapita ubavuubavu. Zikiwaka zote, sakafu inatetemeka mpaka meno yanagongana. Mtu akupigie ukelele sikioni, humsikii. Kwa hiyo wafumaji walijifunza kusema kwa midomo bila sauti. Wanaifungua midomo sana, wanaivuta huku na huku, mikono inasaidia pale neno linapokuwa gumu. Kutoka ukuta huu hadi ukuta ule watu walitetana, walichumbiana, walitukanana matusi ya nguoni, na msimamizi kasimama katikati yao na saa yake mfukoni, haambulii kitu. Mama Mdogo alikuwa hodari kuliko wote. Alikuwa anamsoma mtu midomo kutoka mwisho wa ukumbi, kama mwingine anavyosoma bango la dukani.

Baba Mdogo alikuwa mtia mafuta. Alizunguka na kopo lenye mdomo mrefu, anainama chini ya kila mashine, anadondosha tone, anapita. Wakamwita Mafuta. Mrefu, mwembamba, mpole, mtu wa kuomba radhi kwa kiti alichokigonga. Walipendana kwa midomo hiyohiyo, bila sauti, yeye akiwa amechutama chini na kopo lake na Mama Mdogo akiwa juu anafunga nyuzi zilizokatika. Sauti ya mchumba wake hakuwa ameisikia hata siku moja. Aliisikia kwa mara ya kwanza msituni.

Msitu uko juu ya mji, barabara inapoishia. Ni wa umma, kila mtu ni wake. Wakubwa wa kiwanda waliulinda zamani kwa sababu maji yaliyozungusha magurudumu yalitoka huko. Miti ikikatwa mto unakauka, mto ukikauka kiwanda kinalala. Kiwanda kilikuja kufa kwa sababu zake nyingine, msitu ukabaki. Enzi hizo, siku ya mapumziko, wafumaji walikuwa wakipanda huko na chupa zao za chai kwenda kupumzisha masikio. Huko ndiko Mafuta alikomkuta Chiriku amekaa kwenye gogo, akasimama mbele yake, akafungua mdomo akamsalimu kwa sauti.

"Nilikuwa nimemtungia sauti nzito kichwani," Mama Mdogo alikuwa akinisimulia, huku anajifuta machozi ya kicheko. "Mwanaume mrefu vile! Kumbe kasauti kembamba, kama mtoto anayeomba maji. Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye gogo. Yeye akadhani nimemkataa."

Baadaye masikio yalikwenda, ya Mama Mdogo kwanza. Ile sauti nyembamba ikamtoka kidogokidogo, mpaka siku moja akaniambia hata akijaribu kuikumbuka haiji. Kaka yangu dereva alimletea vile vifaa vya kuvaa masikioni. Alivivaa asubuhi moja, akasema vinamrudisha kiwandani, akavitia kwenye droo ya vijiko. Kwake haikuwa taabu sana. Watu bado walikuwa na midomo.

Angalia, alikuwa akija saluni kwangu karibu kila siku. Anakaa kiti cha pembeni, mkabala na kioo kikubwa. Wateja wapya wanamwona bibi kiziwi, wanajiachia kuteta, na wengine wanampa mgongo kabisa. Hawajui kioo kinamletea midomo yao yote. Siku moja mwali mmoja alimnong'oneza shoga yake kwamba anampenda mchumba wake, tatizo miguu inanuka. Mama Mdogo kutoka kule pembeni, kwa sauti yake isiyo na kipimo: "Mwambie aloweke kwenye maji ya chumvi!" Saluni nzima hoi kwa kicheko. Mwali alijifunika taulo mpaka nilipomaliza kumsuka.

Walipostaafu walishika tena mazoea ya msitu. Huko nako mambo yamebadilika. Getini pana kibanda cha mlinzi, pana meza za mbao za kulia, na vijia vimepakwa alama za rangi kwenye miti: nyekundu kwa wenye miguu ya chuma, bluu kwa wazee na wenye watoto wachanga. Halafu pana baiskeli. Vijana wenye kofia ngumu wanateremka kilima kama wamefumaniwa, wanapiga kengele na kupayuka, "Pisha! Pisha!" Njia ya bluu hawaruhusiwi, lakini nani anawakamata? Ungempayukia Mama Mdogo pisha mpaka kesho. Kwa hiyo wakapanga utaratibu wao. Mama Mdogo mbele, Baba Mdogo nyuma, kwa kuwa alikuwa amebakiza usikivu kidogo kwenye sikio moja. Akisikia baiskeli, anamgusa mkewe bega la kushoto ili asogee kushoto, au la kulia asogee kulia. Bega lisipoguswa, njia nyeupe, twende. Ndivyo walivyotembea, mke mbele anaongea kwa sauti bila kugeuka, mume nyuma anasikia nusu na kucheka yote.

Siku ile bega halikuguswa. Mama Mdogo alifurahi, akaona leo Mungu kawafungia wale wahuni majumbani. Alipanda taratibu kuelekea jiwe la juu, mahali walipozoea kunywa chai huku wanaliangalia bomba la kiwanda kule chini, na njia nzima alikuwa akimsimulia mumewe kisa cha fundi bomba aliyefungua koki isiyo yenyewe na kuogesha nyumba nzima. Alipofika juu akageuka ili amalizie, maana pale panapochekesha lazima umwone mtu usoni. Njia tupu. Akadhani mzee kaingia vichakani kujisaidia. Akamimina chai vikombe viwili. Akangoja. Akaanza kukasirika. Chai ilipopoa alishuka, naye yuko njiani anatayarisha maneno ya kumpa, akakutana na watu wamembeba.

Nilimkuta Mama Mdogo hospitalini. Kaka yangu alikuwa amekwisha kumwambia: baba aliteleza kwenye kona ya mto, akagonga kichwa, akafa palepale. Hakutoa hata neno.

Sasa huo ulikuwa uongo. Mlinzi wa msitu alimweleza kaka ukweli, na kaka akanivuta pembeni akanieleza mimi. Baba Mdogo hakufa palepale. Alivunjika nyonga na mbavu, akalala kwenye mawe ya mto, na akaita. Aliita sana. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wanakula kwenye meza zao, wakamsikia, hawakuja. Niliposikia hilo nilitaka kwenda kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Kaka alinishika mkono.

"Hilo liache," akasema. "Linalotuhusu ni moja. Mama asijue. Akijua aliitwa naye akaendelea kupanda, tutazika wawili."

Nilikubali. Na msinihukumu, hata ninyi mngekubali.

Tumemaliza kuzika, watu wameondoka, vyombo havijaoshwa, Mama Mdogo akanikalia mbele, magoti kwa magoti. Akauliza, "Aliniita?" Nikatikisa kichwa. Akanitazama mdomo muda mrefu, wakati hata sikuwa nimeufungua.

Tangu hapo swali likawa hilo tu. Alimuuliza mwanawe, akamuuliza muuguzi, akamuuliza jirani ambaye siku ile hata mjini hakuwepo. Alikuwa anakuja saluni, anakaa kiti chake, lakini kioo hakiangalii tena. Wateja wangu wa siku nyingi walikuwa wakimtania makusudi, wanatia umbeya wa moto mbele ya kioo ili acheke, wapi! Chiriku kanyamaza. Halafu niko katikati ya kumwosha mtu nywele, povu mpaka viwikoni, naguswa kiuno: "Wewe uliwaona waliomleta. Hawakusema aliniita?" Nakataa tena. Jioni nikifunga duka nalia, kisha nampigia kaka simu na kumtukana.

Alikonda. Alikuwa anaacha chakula sahanini kama kilivyo. Nilianza kuogopa kwamba tutazika wawili hivyohivyo, kwa kutomwambia.

Asubuhi moja alikuja amevaa viatu vya kutembelea na kikapu mkononi. "Nipeleke msituni," akasema.

"Mama, kaka alisema tusi—"

"Nakwenda. Ukitaka kunipeleka nipeleke, hutaki kaa na nywele zako."

Kaka alikuwa safarini. Bibi kiziwi peke yake kwenye vijia vile, na wale wendawazimu wa baiskeli! Nikamwomba radhi mteja aliyekuwa amesukwa upande mmoja, nikafunga saluni.

Mlinzi tulimkuta getini. Ni mtu wa miraba minne, mwendo wa polepole, uso wa kuonewa. Alipomwona Mama Mdogo akavua kofia. "Shikamoo, Mama." Mama Mdogo akausoma mdomo wake, akaitikia marahaba kwa ile sauti yake kubwa mpaka ndege wakaruka. Nilimkonyeza mlinzi, nikaweka kidole mdomoni. Alielewa, akatuchagulia meza kivulini.

Lakini mtu yule alikuwa na mzigo. Nilimwona anakwenda, anarudi, anaikunja kofia yake. Mwisho akaniita kwa mkono. Nikamwonyesha Mama Mdogo ishara kwamba narudi sasa hivi, amimine chai. Mlinzi alinipeleka mbali kabisa, mpaka kwenye lile bango lenye ramani, upande wa pili wa uwanja, mahali ambapo hata mtu mwenye masikio yake asingetusikia. Mimi nikamgeuzia Mama Mdogo mgongo makusudi, asiuone mdomo wangu. Wa mlinzi sikuufikiria.

"Dada yangu, mimi silali," akaanza. "Nilimsikia nikiwa kule kwenye njia nyekundu. Nikadhani mtu kapoteza mtoto, maana alikuwa anaita jina lilelile. Chiriku, Chiriku. Nilipofika wale waliokuwa wanakula wananiambia, aa, ni mzee mmoja kapotelewa na mbwa, anamwita tangu muda. Wanacheka, wanasema mbwa gani anaitwa jina la ndege. Sasa mimi nikashuka."

"Mbwa?" Hilo kaka hakuniambia. Damu ilinichemka, nikamshika mlinzi mkono kama ndiye aliyesema. "Mtu anaita vile, wanakaa wanatafuna, eti mbwa?"

"Ndivyo walivyodhani. Nilimkuta kalala kwenye mawe, nusu majini, anaita bado. Nikamwambia, mzee, nyamaza, usijichoshe, unamwita nani? Akasema, mke wangu, kaenda mbele. Nikasema, ngoja nikimbie nikamwite. Akasema hasikii, hata ukimwita hasikii. Nikamuuliza, sasa mzee wangu, kama hasikii unamwitia nini? Akasema, najua hasikii. Kisha akaendelea kuita. Nilikuwa nimemshika kichwa, na aliita mpaka akawa hawezi. Alikata roho kabla hatujamfikisha njiani."

Nikawa nalia, kofia yake ndiyo niliyojifutia. Ndipo nikaona macho yake yamepita juu ya bega langu, na uso umembadilika.

Nikageuka. Mama Mdogo alikuwa amesimama pale mezani, kikombe mkononi. Kule kulikuwa mbali, lakini ukumbi wa kufumia ulikuwa mrefu zaidi, na mlinzi alikuwa amesimama uso kwa uso naye, juani, anaongea polepole kama watu wanene wanavyoongea.

"Kumbe aliniita," akasema. Hakuwa amepaza sauti kwa makusudi, ndivyo ilivyokuwa sauti yake, lakini uwanja mzima uligeuka.

Nilimkimbilia, nikamshika mikono, nikaapa kwamba mlinzi kachanganya, ni mzee mwingine, ni siku nyingine. Midomo ilikuwa inanicheza nisijue inasema nini.

"Acha," akasema. "Mmenidanganya vya kutosha. Hata kudanganya hamjui. Mnakaza midomo kama mnameza dawa." Akakiweka kikombe mezani kwa uangalifu. Hakulia. Akamgeukia mlinzi. "Nipeleke alipolala."

Tulifuata njia ya bluu. Mimi nilikuwa nyuma yake, macho kwenye visigino vyake. Kwenye kona mto unakaribia sana, mizizi imetokeza, na ukingo umeporomoka kidogo. Chini kuna mawe. Ng'ambo, karibu tu, kuna meza, na watu walikuwa wanakula: mwanaume mwenye shati la mistari, wanawake wawili, na watoto wanarusha mpira. Sio walewale, najua, lakini niliwachukia vilevile.

Mama Mdogo aliyatazama mawe. Kisha akaniambia, taratibu kwa kipimo chake, "Shuka ukae pale. Mimi nakwenda juu nilivyokwenda siku ile. Nikifika kwenye mti ule wenye alama, anza kuita. Ita nilivyoitwa, na usiache."

"Mama, ya nini?"

"Nataka kujua kama nilimwacha."

"Hukumwacha! Hukusikia!"

"Wewe umejuaje?" akasema. "Siku ile nilikuwa naongea. Njia yote naongea, kile kisa cha fundi bomba. Labda ningefunga mdomo ningesikia. Labda sauti ilinifika nikaipitia juu kwa maneno yangu. Leo naenda kimya. Nikisikia, nitajua nilimwacha. Nisiposikia..." Akashika njia.

Nilimwangalia anapanda, mgongo mdogo, kikapu mkononi, kimya kabisa, na nadhani hicho ndicho kilichoniumiza kuliko vyote, kumwona Chiriku anatembea msituni amefunga mdomo. Aliupita mti wenye alama. Kilemba chake kikaingia nyuma ya majani.

Nikashuka kwenye mawe, maji yakaniingia viatuni. Kwanza nilishikwa na aibu, mtu mzima kusimama mtoni na kuita. "Chiriku!" nikaita. Sikuwahi kulitamka jina hilo kabla ya hapo, kwangu alikuwa Mama tu.

"Yeye alikuwa anaita kwa nguvu zaidi," mlinzi akasema kutoka juu, kama anaomba msamaha.

Nikaita kwa nguvu zaidi. Nina kifua mimi, kazi ya saluni ni kushindana na mashine za kukaushia nywele na redio. "Chiriku! Chiriku!" Mwanzoni nilikuwa naomba moyoni asisikie. Asisikie hata kidogo, arudi, aseme basi, ningefanyaje, tuende nyumbani tukale. Lakini jinsi nilivyoendelea ndivyo moyo ulivyonigeuka. Sijui niseme vipi mnielewe. Nikawa nataka asikie. Nikasahau kwamba ni majaribio, nikasahau kwamba sijaanguka, nikawa namwita kweli, kwa hasira hata, geuka basi, Mama, geuka, mimi niko huku. Mlinzi alikuwa amevua kofia tena.

Ng'ambo watoto waliacha mpira. Yule mwenye shati la mistari alisimama, akaweka mikono mdomoni.

"Ana rangi gani?" akaniuliza kwa sauti. "Tukimwona tutamshika!"

Siku nyingine yoyote ningemtukana mpaka ukoo wake. Sikumjibu, sikutaka kukatisha. Niliita mpaka koo likakwaruza, likawaka moto, likatoa mlio kama wa mlango, kisha halikutoa kitu. Nikabaki nafungua mdomo.

Tulisubiri. Mlinzi alisogea kidogo, akaangalia juu. Hatimaye majani yakatikisika, Mama Mdogo akatokea, anashuka kwa kushika miti, uso umekunjamana kama wa mtu aliyengojeshwa.

"Mbona huiti?" akaniuliza. "Nimekaa juu ya jiwe, nimengoja, nimengoja. Unaona haya watu watakucheka? Sikuja hapa kucheza. Anza basi, mwanangu, narudi tena juu."

Mlinzi akageuza uso upande mwingine. Mimi sauti sikuwa nayo. Nilifungua midomo sana, nikaivuta, kama wafumaji.

"Nimeita, Mama. Nimeita mpaka sauti imekwisha."

Akanitazama mdomo. Akamtazama mlinzi, mlinzi akaitikia kwa kichwa. Akatazama ng'ambo, mahali wale watu walipokuwa wamesimama wote, na mtoto mmoja ameukumbatia mpira, wanatuangalia.

"Wale wamesikia?" akauliza.

"Wamesikia."

"Wote?"

"Wote, Mama. Hata watoto."

Akashuka kwenye mawe, sikumzuia. Akakaa chini, majini, na viatu vyake vya kutembelea.

"Kumbe ni mimi tu," akasema.